Sarafu Iliyooshwa

Kwaruu. Kisha kimya. Kisha kwaruu nyingine, ndefu zaidi, ikamalizwa kwa meno.

Dirisha lilikuwa bado jeusi, lakini Mama Chiriku hakuhitaji taa kujua kinachoendelea. Mumewe alikuwa amechuchumaa karibu na mlango, anafunga maboksi kwa selotepu, anaivuta kidogo kidogo kama mwizi ili asimwamshe dada yake chumba cha pili. Ilikuwa Jumamosi. Saa nane mchana kigari cha mizigo kingekuja kuwahamisha. Miaka minne walikuwa wamelala kwenye sebule ya wifi yake, nyuma ya pazia, mtoto katikati, na leo walikuwa wanakwenda kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye mlango wao wenyewe.

Ndivyo alivyojua mumewe.

Mama Chiriku alilala chali akisikiliza, akajaribu kuona kama moyo unamwenda mbio. Haukuwa unakwenda popote. Umekaa tu, kama kiatu chini ya kitanda. Kodi ya miezi sita, iliyotakiwa kufika kwa mwenye nyumba kabla ya saa sita, haikuwepo. Ilikuwa kwenye mkoba wake, imegeuka sarafu moja, na sarafu yenyewe ilikuwa imekufa.

Mambo yalianzia kazini. Alikuwa dobi kwenye duka la kufulia lenye mashine tano, na kila jioni zamu ya kusafisha machujio ya mashine ilikuwa yake. Humo hukutwa kila kitu: vifungo, pini, tiketi zilizogeuka uji, na sarafu. Sheria ya bosi ilikuwa kwamba kisichoulizwa kwa mwezi mzima ni cha aliyekiokota. Wenzake walichukua zile zinazonunua kitu. Zile za ugenini, zenye ndege na malkia na maandishi yasiyosomeka, walimwachia yeye, wakamwita Benki Kuu, na mwisho wa mwezi wakamuuliza kama leo anakopesha.

Alizipeleka nyumbani kwa mwanawe. Huyo alikuwa na miaka sita, na jina la Chiriku alilipata kwa kuwa akifungua macho hufungua na mdomo. Mama na mtoto walizipanga sakafuni kwa ukubwa, wakazitafutia nchi zao kwenye ramani ya daftari. Yale yalikuwa raha tupu. Kuokota hakuna hasara. Hasara ilianza siku alipoingiwa na hamu ya kununua.

Ya kwanza aliinunua barabarani, sarafu ya fedha yenye simba, akaiweka mezani karibu na sumaku ya mlango wa friji, na simba akarukia sumaku kama aliyeona swala, jambo ambalo fedha halisi haifanyi. Ya pili zilikuwa kumi na mbili ndani ya kisanduku cha mahameli. Mzee mmoja mwenye kiduka cha sarafu, juu ya fundi viatu, alizitazama akasema kisanduku ni kizuri sana, aweke hereni. Mzee huyo alivaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso, na Mama Chiriku alimwita Macho Manne hadi mwenyewe akakubali. Hakumuuzia kitu. Alimwazima kitabu chenye miaka na picha, akamfundisha kupima kwa mizani na kusikiliza mlio. Zile hasara mbili Mama Chiriku alizichukulia kama ada ya shule, akacheka, akasonga mbele.

Ya tatu aliikuta kwenye mnada wa vitu vya marehemu, katikati ya vijiko. Nyeusi tii. Alipoigeuza akauona mwaka, na mwaka ule aliujua kutoka kwenye kitabu. Mtoto wa marehemu hakuwa mjinga. Naye alikuwa ameuliza mahali. Bei aliyotaja ilikaribia sana fedha ya kodi ambayo Mama Chiriku alikuwa amekabidhiwa kuitunza, nusu jasho lake, nusu la mumewe aliyekuwa fundi wa vioo. Alizunguka mnada mara mbili. Mara ya tatu alilipa.

Wala hakukosea. Macho Manne alipoiona alivua miwani yote miwili. Akasema ni yenyewe, na kuna daktari ameitafuta miaka kumi, aje nayo Ijumaa saa kumi, atapewa karibu mara mbili ya alichotoa. Siku mbili zile Mama Chiriku alikuwa tajiri kimya kimya. Alipika huku akiimba. Hakumwambia mumewe, alitaka amwekee fedha mkononi na nyongeza juu yake aone uso wake utakavyokuwa.

Sasa, dobi ni dobi. Juu ya meza ya kupigia pasi, bosi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu kwamba hakuna kinachorudi kwa mteja na doa. Daktari ni mteja. Makoti yake meupe, kama si hapo basi kwenye duka jingine kama lile, yalifuliwa na mikono kama ya kwake. Angempaje mtu wa namna hiyo kitu cheusi kama sufuria ya mkaa? Alhamisi mchana, kazi ilipopungua, aliweka magadi soda kwenye kisahani, akadondosha matone matatu ya ile dawa inayotoa madoa ya kutu kwenye kola za mashati, akachukua mswaki wa mtoto. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiziosha zake zote, na Macho Manne hakuwahi kumgombeza, maana zake zote hazikuwa na thamani ya kugombania.

Mfalme wa kwenye sarafu alitoka humo akimeta kama katoka kwa kinyozi. Wenzake walimzunguka. Mmoja akasema hata mkewe angempita njiani asimjue. Aliyecheka zaidi ya wote alikuwa Mama Chiriku.

Ijumaa alikwenda na Chiriku. Daktari aliitoa sarafu kwenye kitambaa, akaitazama muda mfupi mno, akairudisha. Akaangalia saa yake, akamwomba mzee radhi, akashuka ngazi. Macho Manne aliichukua kwa ncha za vidole.

"Umeifanya nini?"

"Nimeiosha tu, mzee. Ilikuwa chafu."

"Haikuwa chafu. Ile ilikuwa ngozi yake. Imeota kwa miaka mia. Umeichuna, binti yangu."

"Haiwezi kurudi?"

"Inarudi. Ukiwa na nafasi ya kusubiri mia nyingine."

"Hukuniambia nisioshe."

"Nani humwambia mtu asichome noti?" Kisha akakaa, akashusha miwani ya paji la uso ikagongana na ile ya puani. "Lakini kweli. Sikukwambia."

Alimweleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba sasa inanunuliwa kwa uzito wa fedha iliyomo tu, na uzito huo, kwa bei ya siku ile, ni kodi ya mwezi mmoja na chenji kidogo. Mama Chiriku aliitika kila sentensi. Alisema asante. Alimfunga mtoto kamba ya kiatu, wakashuka. Njiani alinunua sabuni ya vyombo kwa sababu ilikuwa imekwisha.

Na tangu hapo hakuna kilichomuuma. Hilo ndilo lililomshangaza. Usiku alisikia mumewe akisema ukuta wa chumba cha mtoto ataupaka rangi ya samawati, akaitikia kwamba samawati ni nzuri.

Jumamosi kulipokucha aliamka, akachemsha chai, akaoga. Mumewe aliuliza kama amuonyeshe njia ya mkato kwa mwenye nyumba, akajibu kwamba anaijua. Alipitia kwa Macho Manne, akapokea fedha ya uzito bila kuhesabu, Chiriku akiwa amemshika sketi.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kanga mabegani. Mama Chiriku alimwekea kodi ya mwezi mmoja mezani, ndani ya bahasha, akaomba miezi mingine aimalizie pole pole. Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka laini. Kumwambia shida zako mtu asiyekujua ni kazi nyepesi. Yule mama alisikitika kweli, akasukuma bahasha irudi, akasema walikubaliana sita na yeye ana deni la paa. Saa sita ilipopita dakika tano alitoka barazani. Kijana mmoja mwenye godoro jipya kwenye nailoni alikuwa amesubiri tangu asubuhi. Akampa funguo pale pale, mbele yao.

Mama Chiriku aliutazama mlango ukifunguliwa. Kwenye dirisha la kulia kulikuwa na kioo kipya, kisafi kuliko vingine. Mumewe alikuwa amekikata na kukiweka Jumatano, kwa gharama yake, akasema hataki mwanawe alale kwenye nyumba yenye ufa.

Walirudi kwa miguu. Alijipangia atakavyosema. Atamwita pembeni. Ataanza na mnada. Hapana, ataanza na samahani. Kila alipofika kwenye kuosha, sentensi ilikatika na nyingine haikuja.

Nyumbani kitanda kilikuwa kimeshafunguliwa, mbao zimeegemezwa ukutani. Wifi yake alikuwa ameketi juu ya boksi, anawatania kwamba hatimaye atakohoa kwenye sebule yake bila kuomba ruhusa. Kisha akainuka akamletea sufuria yake kubwa, ile ya wageni, akasema nyumba haianzi na sufuria ndogo.

"Chukua, wifi. Usinitazame hivyo, mimi nitanunua nyingine."

Mama Chiriku aliipokea. Ilikuwa nzito. Aliikumbatia tumboni akabaki amesimama nayo.

Nje kigari kilipiga honi mara mbili. Mumewe aliingia akijifuta jasho kwa mkono wa shati, nywele zina vumbi, anatabasamu kwa namna ambayo hakuwa ametabasamu miaka minne.

"Mama Chiriku, dereva anataka kujua tunaanza na mbao au maboksi. Na funguo nipe mimi, nitangulie nifungue madirisha."

Alinyoosha kiganja. Mama Chiriku aliiona mistari ya kiganja, na makovu madogo ya vioo, moja moja, akayasoma yote hadi mwisho. Wifi aliacha kucheka. Honi ikalia tena.

Chiriku aliweka chini kopo lake la sarafu, akamtazama baba yake.

"Baba, ile nyumba amepewa mtu mwingine."