Glovu za Tanuri Ukumbini

Mapema alivaa suti yake ya pekee, akang'arisha viatu, akachana mvi zake kuelekea upande ule anaoupenda mkewe, kisha akanyoosha mikono mbele kama mtu anayesubiri pingu. Mkewe akamvalisha glovu za tanuri. Zilikuwa glovu nene, kitambaa kilichojazwa pamba, zilezile Mapema anazotolea masinia ya mikate, na ya kulia ilikuwa imeungua kwenye kidole gumba. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Akachukua sindano na uzi wa kushonea viti, akazishona glovu kwenye mikono ya koti, akazunguka pande zote, mishono minene kama ya gunia.

"Umezikaza mno," Mapema akasema.

"Ndiyo maana ya kushona."

"Na nikitaka kujikuna?"

"Ukuta upo. Jikune kama ng'ombe."

"Mkasi umebeba lakini?"

"Mkasi nimeuacha mezani makusudi. Nakujua wewe. Ungenibembeleza mpaka nikukate."

Jina la Mapema lilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mwokaji mikate, na kwa mwokaji hata jogoo ni mchelewaji. Ya pili ndiyo iliyomtia kwenye glovu. Mzee huyu hakuweza kuona jambo zuri limenyamaza kidogo asilipigie makofi. Na mikono yenyewe ilikuwa imekanda unga miaka nenda rudi, mipana kama makasia. Akipiga, mbwa wa jirani wanaingia chini ya gari. Aliwahi kumpigia makofi mwalimu mkuu aliyenyamaza ili anywe maji. Aliwahi kupiga makofi msibani, katikati ya wasifu wa marehemu, pale msemaji alipokabwa na kilio, na nusu ya wafiwa wakamfuata. Na mwaka jana, siku kitindamimba wake alipopiga fidla peke yake mbele ya watu kwa mara ya kwanza, muziki ulifika mahali unaposhusha pumzi kabla ya kupanda. Mapema akaona basi, mwanangu kamaliza, akaachia. Binti akaruka, upinde ukamponyoka, ukaenda kulala chini ya kiti cha mpiga ngoma.

Hakulia. Aliuokota, akamaliza kazi. Ila safari hii alipowaletea wazazi tiketi, alikaa kwanza, akamtazama baba yake machoni.

"Baba, usiwe wa kwanza. Piga makofi utakavyo, ila usiwe wa kwanza. Ukiwa wa kwanza tena, basi ukumbini huji tena. Utanisikiliza kwenye redio kama watu wengine."

"Redio yenyewe ina kikohozi."

"Sitanii."

Mapema alijua hatanii, maana utani wa redio ulikuwa mzuri na binti hakutikisa hata mdomo. Akaapa kwa tanuri lake. Lakini alijijua: kiapo kinakaa kichwani, na mikono yake haikuwa na mazoea ya kupanda huko kuulizia. Ndipo mkewe alipokumbuka glovu.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Ukumbi ulikuwa wa mikutano, una viti vya kukunja vinavyolia ukihamisha tako, na mapangaboi yalikuwa yamezimwa yasivuruge sauti. Watu walizitazama glovu, wakatazama pembeni, wakazitazama tena. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya nyoya refu, aliyekaa mbele yao, akageuka kwa huruma.

"Ana ugonjwa wa ngozi?"

"Ana ugonjwa wa furaha," mkewe akajibu. "Unaambukiza. Tazama mbele tu, dada yangu."

Binti akatoka na mwenzake, kijana mmoja mwembamba mpiga selo, ile fidla kubwa inayoshikwa kwa magoti, mrefu hata akiwa amekaa. Hao wawili ndio waliokuwa wasemaji, na okestra ndogo ikawa nyuma yao kama ndugu kwenye posa, wanaitikia tu. Fidla inasema jambo, selo inalirudia kwa sauti ya mjomba. Fidla inatoroka, selo inaifuata na viatu vikubwa. Wakakimbizana hivyo, wakakamatana, halafu ghafla kimya. Sehemu ya kwanza imekwisha, bado mbili.

Mikono ya Mapema haikumwuliza. Ikaenda yenyewe: pu, pu, pu.

Sauti haikuzidi ya mto ukianguka kitandani. Hakuna aliyesikia. Ila upepo ulikwenda, na nyoya la kofia likainama, likainuka. Mwenye kofia akajishika kisogo, akatazama mapangaboi juu. Yamesimama. Akatazama tena. Mke wa Mapema akajaza leso mdomoni, na kiti chake kikaanza kulia kwi, kwi, kwi kwa sababu ya mabega yake.

Wakati wa mapumziko binti akashuka kuwaona. Kifuani kwenye gauni jeusi alikuwa na vumbi jeupe la ule ulimbo wanaopaka kwenye upinde. Mapema akalipenda sana vumbi lile.

"Hata wewe kazi yako ina unga," akasema.

"Baba, hizo ni nini?"

"Ni mimi na kiapo changu."

"Mama, umezishona?"

"Kwa uzi wa viti, mwanangu."

Binti akaziba mdomo, akageukia ukuta kwa muda. Aliporudi, macho yalikuwa na maji, lakini sauti aliikaza.

"Haya. Sasa sikiliza, kinachokuja ndicho cha hatari. Ni simfonia ya Mfini mmoja wa zamani, huko Ufini kwenye theluji. Mwisho wake ni mtego. Okestra nzima inapiga pigo moja, halafu kimya. Pigo jingine, kimya. Mara sita hivyo. Kila kimya kitakuambia imekwisha, na kitakuwa kinakudanganya. Mimi nitakaa na wapiga fidla wenzangu pale mbele, nakuona."

"Sita," Mapema akasema.

"Usihesabu, Baba. Wewe ukihesabu mikate inazidi. Ngoja watu. Watu wakianza, fuata."

Kiongozi wa okestra alikuwa mtu mfupi, hasira zake ziko karibu. Kabla ya kuanza akawageukia watu, kijiti mkononi.

"Mabibi na mabwana, tulipopiga simfonia hii mji mwingine, mtu mmoja alipiga makofi kwenye pigo la tatu. Nililala vibaya wiki nzima. Leo akitokea wa namna hiyo, tunarudia sehemu nzima ya mwisho, na milango itafungwa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Watu wakaacha.

Kwa kuwa okestra ilikuwa ndogo, baragumu waliazima kwenye bendi ya zimamoto: wanaume wanne wenye mabega, vifungo vinang'aa, wamezikumbatia zile shaba zilizojikunja kama konokono. Simfonia ikaanza polepole, kama alfajiri, na alfajiri Mapema aliifahamu, maana ndiyo ofisi yake. Aliona tanuri likikolea moto, dirisha likipata rangi. Halafu ikaja sehemu ya mwisho. Nyuzi zikaanza kukimbia kama sisimizi kwenye sinia la moto, na wale wazimamoto wakainua baragumu zao. Wimbo ukawa unabembea, unakwenda, unarudi, kama bembea iliyopakia mtu mzito asiyetaka kushuka. Kila ukirudi ulikuwa umeongezeka.

"Mama watoto," Mapema akanong'ona, "naumuka."

"Umuka kimyakimya."

Basi yakafika mapigo. La kwanza likatua, kimya kikafuata, na Mapema akaing'ata glovu, akapata ladha ya mkate wa jana. Likaja jingine. Huko nyuma mwanamume mmoja alikuwa ameshainua mikono yote miwili. Akakumbuka milango, akaimalizia safari kwa kujifanya anaua mbu. Jingine. Kiti kikapiga ukelele, na kicheko kilichomezwa kikapita safu nzima kama mtu anayetafuta nafasi yake gizani. Hata mpiga ngoma alikuwa ameuma midomo. Mapigo yakaendelea, na ukweli ni kwamba kufikia hapo hakuna mtu ukumbini aliyejua wamefika la ngapi.

Likatua la mwisho. Kijiti kikashuka.

Kimya.

"Bado moja," mzee mmoja akanong'ona nyuma.

"Mbili," mke wa mzee huyo akamsahihisha.

Ukumbi mzima ukaganda. Kila mtu alikuwa anangoja mwenzake, na hakuna aliyetaka kuwa yule wa kuwasababishia watu kufungiwa milango. Kiongozi alikuwa bado amewapa mgongo, maana hageuki mtu kabla ya makofi, na shingo yake ilianza kutoa jasho. Wazimamoto wakatazamana kama waliosikia harufu ya moshi wasijue unatoka nyumba gani. Kazi nzuri ile, yote, ilikuwa inapoa kama mkate uliosahauliwa dirishani.

Binti akamtazama baba yake.

Mapema akatazama dari. Hatakuwa wa kwanza. Redio ina kikohozi.

Alipoteremsha macho, binti alikuwa bado anamtazama, na sasa anatikisa kichwa: ndiyo. Mapema akatikisa chake: sithubutu. Binti akamnyooshea upinde, kama mwalimu anayemchagua mwanafunzi aliyejificha nyuma, na midomo yake ikasema bila sauti: Baba. Sasa.

Pu, akapiga Mapema. Pu, pu.

Nyoya likayumba. Basi.

"Nikate," akanong'ona.

"Mkasi uko mezani."

Mkewe akainama, akang'ata uzi. Uzi wa viti haung'atwi. Mwenye kofia akageuka, akaona glovu, akaona nyoya lake, akaelewa kila kitu.

"Kumbe wewe ndiye upepo," akasema. Akachomoa pini kwenye kofia, ndefu kama mshikaki, akaanza kuchokonoa mishono, kofia imemwangukia machoni. Mkewe akavuta. Krrr, glovu ya kulia ikatoka pamoja na kipande cha bitana ya koti. Ya kushoto ikagoma kabisa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja haupigi makofi. Mapema hakuwa na subira ya kushonolewa tena. Akaushika mkono wa mkewe, akaukunjua kiganja, akaupiga kwa chake.

Pa.

Kofi lile lilitua ukumbini kama pigo la saba. Kisha la nane, la tisa, na ukumbi ukalipuka, yaani huwezi kusema vingine. Walisimama wote, viti vikalia, mwuaji mbu akawa anapiga juu ya kichwa, yule mzee na mkewe wakibishana huku wanapiga. Wazimamoto walisimama kwa heshima ya kazini. Kiongozi akageuka, ana tabasamu ambalo hakuna aliyejua kwamba analo.

"Umenivunja mkono," mkewe akasema, anacheka machozi.

"Lete huohuo, mama watoto."

Binti akasogea ukingoni mwa jukwaa, fidla kwapani, akainama mpaka sauti imfikie baba yake peke yake.

"Safari ijayo unakaa mbele kabisa. Humu ndani hakuna mtu mwingine mwenye akili ya kuanza."

"Na glovu?"

Kabla hajajibu, kiongozi akagonga kijiti. Kwa kuwa mmefurahi hivi, akasema, tutawapigia tena ule mwisho. Watu wakakaa haraka. Mke wa Mapema akachomoa sindano aliyokuwa ameichomeka chini ya ukosi, akauinua uzi kwenye mwanga, akanyoosha mkono.

"Lete hapa, mzee."

Lakini binti alishafika kwenye kiti chake, na kutoka kule akautikisa upinde: aachwe.

Mapema akaweka mkono mtupu gotini, na mkono wenye glovu juu yake. Wazimamoto wakainua baragumu. Na mwanamke wa mbele, kabla ya noti ya kwanza, akaishika kofia yake kwa mikono miwili.