Kimondo Chenye Nati

"Niandike kimeanguka nini?" aliuliza mtendaji wa kijiji, kalamu mkononi, viatu vyake vya ofisini vimezama kwenye matope.

Christina alikuwa amechuchumaa kichwani pa Chapakazi, maksai wake, akihangaika kuchomoa vijiti vya nira kwenye shingo ambayo haikuwa na haja tena ya kufunguliwa. Upande wa kulia wa nira ile ile, Sikujua, maksai wa pili, alikuwa amevutwa chini na uzito wa mwenzake, macho yamemtoka, anahema. Hatua tatu mbele yao, ndani ya jaruba la mpunga, kitu cheusi cha mviringo, kikubwa kama chungu cha pombe ya msibani, kilikuwa bado kinafuka mvuke.

Kilikuwa kimempiga Chapakazi mgongoni saa mbili asubuhi. Mvua za kwanza za Desemba zilikuwa zimelainisha udongo wa bonde hili la Kamsamba, na Christina alikuwa nyuma, ameshika mikono ya plau. Kingechelewa kidogo kingempata yeye. Watu waliojaa pale walimwambia amshukuru Mungu, na kila aliyefika alimwambia hivyo hivyo, mpaka akachoka kushukurishwa. Ni rahisi kumwambia mtu ashukuru wakati maksai aliyekufa si wako.

"Kimondo," mtendaji alijijibu mwenyewe, akaanza kuandika.

Huyu mtendaji, Enoka, alikuwa kijana mpole, Mnyiha wa Ihanda kule juu Mbozi, na hilo ndilo lililotuponza. Watoto wa kule juu wanakua na kile kimondo kikubwa cha Mbozi kama sisi tunavyokua na mbu. Shuleni wanapelekwa kukitazama, wanakipapasa, wanakula miwa, wanarudi nyumbani. Kwa Enoka, kitu kinachotoka mbinguni kilikuwa na jina moja tu, na alilijua tangu darasa la kwanza.

"Mama, una bahati," alisema. "Vimondo havianguki hovyo. Hapa tutaletewa wageni, tutaletewa barabara."

"Mtendaji, kina nati."

"Kina nini?"

Christina alisimama. Kiunoni, kwenye pindo la kanga, alikuwa na spana ya plau, namba kumi na tisa, ambayo haikuwahi kumtoka mwilini tangu mumewe afariki na kumwachia wale maksai wawili. Aliingia kwenye jaruba, akaivisha spana kwenye moja ya zile nati zilizokizunguka kile kitu kiunoni. Ilicheza, haikukamata. Akajaribu nyingine. Ya tatu ilikuwa imelegea kwa kishindo, akaizungusha kwa vidole ikatoka, ingali na joto.

"Si ya huku," alisema. "Lakini ni nati. Kuna mtu aliikaza."

"Moto wa angani unayeyusha chuma unakifinyanga unavyotaka," Enoka alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mama yake. "Hata hayo maandishi unayoyaona ubavuni ni moto huo huo. Umesoma mpaka darasa la ngapi, mama?"

"La pili."

"Haya sasa."

Akamletea karatasi na kidau cha wino. Christina akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa, na matope kidogo yakabaki juu ya karatasi pamoja na wino. Muhuri ukapigwa juu yake. Ile nati aliifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na spana.

Jioni bwana mifugo alifika kwa pikipiki, akaagiza nyama isiliwe wala ngozi isichunwe, maana haijulikani kitu kile kilikuwa na sumu gani. Chapakazi akafukiwa mzima mzima. Tuliochimba shimo ni sisi wenyewe, tukimeza mate, na sitaki kudanganya kwamba tulikuwa tunamlilia.

*

Asiyelima kwa maksai atasema ng'ombe ni ng'ombe. Chapakazi alikuwa anatembea kushoto, ndiye aliyeshika mstari, na wakifika mwisho wa jaruba yeye ndiye aliyegeuka kwanza. Sikujua alikuwa na nguvu kumzidi, lakini kwa miaka sita hakuwahi kugeuka mpaka mwenzake ageuke. Christina hakuwa na haja ya mjeledi. Alikuwa anasema tu "haya, baba," na Chapakazi anageuka, na Sikujua anageuka.

Na shamba lenyewe halikuwa lake. Christina ni binti wa ukoo wa Luhende, wale Wasukuma waliohamia hapa na ng'ombe wao, na majaruba aliyolima mumewe alikuwa ameyaazima kwa mzee Yonathani, Mnamwanga, mwenyeji wa bonde. Mzee alikuwa muungwana. Aliweka sharti moja, na aliliweka mbele ya mashahidi: shamba lisipolimwa msimu, linarudi.

Msimu ule Christina alipanda vipande vile tu alivyokwisha kulima kabla ya ajali. Mzee Yonathani akaja kusimama kwenye tuta, mikono nyuma.

"Msimu huu nimeuhesabu kuwa umelima," alisema. "Msiba ni msiba. Lakini mwakani, binti yangu, wanangu nao wanalitaka. Sitakuwa na la kuwaambia."

"Mwakani nitalima, baba."

Alisema hivyo bila kujua atalima na nini. Ng'ombe wa ndugu zake walikuwa wamekufa kwa ugonjwa mwaka juzi, na maksai aliyekwisha kufundishwa haazimishwi na mtu mwenye akili timamu. Kile kitu kikapelekwa ofisi ya kijiji, kikajengewa kibanda cha bati na kubandikwa kibao: KIMONDO. USIGUSE. Chini, kwa herufi ndogo, jina la aliyekigundua: Enoka. Christina alikuwa anapita pale kila siku akienda kisimani.

*

Mwezi wa saba, Leah, jirani yake, alimwita mbio akasikilize redio. Bunge la nchi moja ya ng'ambo lilikuwa limepitisha sheria ya kusafisha takataka zinazozunguka angani. Anayerusha chombo huko juu awajibike nacho mpaka mwisho, na kikimwangukia mtu au mali yake, mwenye chombo alipe, hata kama aliyeangukiwa yuko upande wa pili wa dunia.

Tulicheka sana siku ile. Wenzetu wanafagia mbingu, sisi choo cha mnadani kimefurika tangu masika na hakuna bunge lililokaa juu yake. Christina peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika pindo la kanga yake.

"Leah, wamesema kikiangukia mali ya mtu?"

"Wamesema."

"Ng'ombe ni mali?"

"Ng'ombe ndiyo mali yenyewe," Leah alisema.

Na kweli, mwezi wa nane akaja dada mmoja kutoka Dar es Salaam, mtaalamu wa mambo ya anga aliyesikia habari za kimondo chetu, jina lake Fides, na gari lililojaa vumbi mpaka ndani. Alipiga magoti mbele ya kibanda cha bati, akalisoma lile andiko la ubavuni lililoungua nusu, akaipokea nati kutoka kwa Christina na kuigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mama, hili ni tangi la mafuta la roketi," alisema mwishowe. "Lina mwenyewe. Na sasa kwao kuna sheria. Madai yakifika ndani ya mwaka mmoja tangu lianguke, watakulipa ng'ombe wako."

Tuliokuwa pale tukatazamana. Lakini Fides hakuwa ameinuka.

"Tatizo ni jalada. Linasema kimondo, limegongwa muhuri, na dole gumba lako liko chini yake. Kimondo hakina mwenyewe zaidi ya Mungu, na Mungu hadaiwi."

"Dada, si wewe umeona? Andika."

"Nitaandika. Lakini karatasi yangu haitavuka kama ya kwanza inaipinga. Aliyeandika kimondo ndiye aandike kwamba alikosea. Mistari miwili tu inatosha."

Aliona aibu, yule dada. Alimwachia Christina anwani yake kwenye karatasi, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaondoka.

*

Enoka alikuwa ameshahamishiwa ofisi moja ya wilaya kule Vwawa. Christina alifika huko mwezi wa kumi, baada ya siku mbili za njiani, akitetemeka kwa baridi ya kule juu ndani ya kanga zake za bondeni.

"Shikamoo, mama," Enoka alisimama kwa heshima kabisa. Aliagiza chai, akamvutia kiti, akawaulizia watu wa kijijini kwa majina yao. Alikuwa amevaa sweta mpya.

Christina alinywa mafunda mawili ya chai kwanza, maana si adabu kuanza na shida. Kisha akaeleza. Mistari miwili. Siku zilizobaki. Mzee Yonathani na wanawe.

Enoka alisikiliza mpaka mwisho, akatazama dirishani.

"Mama, mimi hapa wamenileta kwa sababu ya kile kimondo. Wakubwa walikuja wakakiona, wakapiga nacho picha. Shule zinakuja. Leo niandike kwamba nilishindwa kutofautisha kimondo na tangi la mafuta?"

"Nilikwambia kina nati."

"Uliniambia," alikubali kwa sauti ndogo. Akafikiri. "Labda niandike hivi: kimondo chenye dalili za nati."

Christina alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejitahidi kusaidia, na hapo ndipo Christina alipoelewa kwamba hatapata kitu. Mtu mbaya ungemgombeza. Huyu utamfanya nini?

Alifungua pindo la kanga, akaiweka nati mezani, juu ya mafaili.

"Basi itazame wewe mwenyewe. Sema ni nini."

Enoka aliichukua. Aliizungusha kwenye vidole, akapitisha ukucha kwenye meno yake ya ndani, yaliyochongwa laini sana.

"Hii uliitoa kwenye kimondo?"

"Niliitoa mbele yako."

"Sikuona, mama. Na kile kitu kimeshaandikishwa, ni mali ya serikali. Mtu haruhusiwi kukaa na kipande chake nyumbani. Mwingine angekupeleka polisi." Akavuta droo, akaiweka nati ndani, akaisukuma droo taratibu. "Mimi siwezi kukufanyia hivyo. Hili tumelimaliza mimi na wewe. Kunywa chai, imepoa."

Chai ilikuwa imepoa kweli. Christina aliimalizia, akashukuru, akatoka. Spana peke yake ilikuwa inamgonga kiunoni kila alipopiga hatua.

*

Mvua zilianza wiki ya pili ya Desemba. Ule mwaka mmoja wa madai ulikuwa umekwisha siku nne kabla, na hakuna aliyeutaja.

Mzee Yonathani alikuja kwenye tuta asubuhi, na safari hii alikuwa na mwanawe, na mwanawe alikuwa na jozi ya maksai waliosimama nyuma yake wakitafuna. Walikuja kuona kama shamba litalimwa.

Christina alimfunga Sikujua upande wa kulia, kama siku zote. Upande wa kushoto alifunga kamba kwenye nira, akaipitisha begani na kifuani pake mwenyewe, akaivuta mpaka ikakaza. Leah alikuwa nyuma, ameshika mikono ya plau, analia waziwazi.

"Acha, mwenzangu," Leah alimsihi. "Wanatutazama."

"Shika plau, Leah."

Walivuta. Udongo wa bonde ni mzito, lakini Sikujua ana nguvu, na plau likaingia. Mara mbili Christina alianguka kwa magoti, akasimama na matope mpaka mapajani. Mstari ulipinda, kwa sababu upande mmoja ulikuwa na ng'ombe na mwingine mtu, lakini ulikuwa mstari. Mzee Yonathani alikuwa ameinamisha kichwa.

Walifika mwisho wa jaruba. Leah akainua plau na kungoja. Sikujua akasimama. Mvua ilikuwa inamtiririka masikioni, na hakutazama mbele wala nyuma. Alimgeuzia Christina kichwa, upande wa kushoto, akatulia hivyo, anamsubiri ageuke kwanza.