Picha ya Doto

Mama Kulwa alifika kwangu asubuhi na mapema, Kulwa mgongoni, akaketi barazani na bahasha tupu mapajani. Wiki mbili nyuma nilimpiga picha na mapacha wake wawili. Siku ya nne baada ya picha, Doto akazikwa. Baba yao, Bujiku, yuko machimboni Geita tangu kabla hawajazaliwa, hajamwona hata mmoja. Lori la kumpeleka mama huko lingeondoka saa nne.

"Fundi, sura yake itatoka?"

"Itatoka," nikamjibu, nikajichukia papo hapo. Filamu yenyewe ilikuwa bado haijaonja dawa.

Nikajifungia stoo, kila tundu limezibwa kwa blanketi, nikawasha taa nyekundu. Nikatia kidole kwenye maji ya mtungi: vuguvugu tayari. Shinyanga haina maji ya baridi, ina maji yaliyopungua moto.

Nilikuwa na dawa mbili za kusafishia filamu. Ya kwanza ni kali, dakika nne umemaliza. Lakini picha ile niliipiga kivulini, na dawa kali hung'arisha nguo nyeupe ikaacha nyuso nyeusi tii. Ya pili ni ya taratibu, huzivuta sura hata kivulini, ila inataka dakika kumi na tano, na katika maji ya vuguvugu utando wa filamu hulainika ukabanduka kama malai ya maziwa. Nikikosea, mama huyu anampoteza Doto mara ya pili, na safari hii ni mkono wangu.

Nikakata kipande cha mwanzo cha filamu, picha ya Herman muuza ngozi na baiskeli yake, nikakijaribu kwenye dawa kali. Baiskeli ikatoka safi, hata spoku ungezihesabu. Herman hakuwa na uso. Atanitukana, na ana haki.

Basi, ya taratibu. Nikaifungia filamu kwenye kopo lake, nikamwita mke wangu. "Philomena! Ile chumvi ya haluli!"

"Filamu nayo imefunga choo?"

"Lete, bwana!" Nikiwa na hofu sina adabu, naye amekwisha kunizoea. Chumvi ile ikiyeyushwa ndani ya dawa huuzuia utando usivimbe. Niliwahi kuifanya mara moja tu, na mara hiyo niliharibu.

Nikajifungia tena, nikaiyeyusha chumvi, nikaishika filamu ncha zote mbili, nikawa naipandisha na kuishusha ndani ya bakuli, nahesabu dakika kwa sauti. Dakika ya tisa ukingo ukaanza kuteleza vidoleni. Niitoe? Nyuso ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kujitokeza. Nikaendelea, namwomba Mungu kama mtu asiyemwomba siku nyingine. Dakika ya kumi na tatu moyo ukanishinda, nikaitosa kwenye dawa ya kukaza picha.

Utando haukubanduka. Nikaikausha kwa spiriti, nikaichapa kwenye karatasi, na hapo hofu ikarudi upya. Mtoto mmoja alionekana hadi kope. Mwingine alikuwa amegeuza kichwa wakati napiga, uso wake ni ukungu mtupu. Nani ni nani? Mapacha wale sikuweza kuwatofautisha, na kuuliza sikuthubutu.

Nikampa mama picha. Akaitazama, kisha akaweka kidole kwenye uso ulio safi.

"Huyu ndiye Doto."

Nikashusha pumzi, nikacheka kwa furaha. "Nakumbuka! Kulwa alihangaika sana, lakini Doto alitulia tuli. Nikamsifu."

"Ulimsifu, nami nikafurahi." Hakuyaondoa macho kwenye picha. "Ng'wana wane, mwanangu. Mwili ulikuwa unachoma, Fundi. Nikadhani ni joto tu la siku ile."