Shingo ya Papa Keren

Agnès alikuwa amekubali, na tangu watoke nyumbani kwao Katuba asubuhi alikuwa akijutia kukubali huko. Angeketi kwenye kiti cha chuma katika chumba cha kine, mtaalamu wa kunyoosha viungo, atoe rozari yake, asali. Kila punje angeigongesha kidogo kwenye mkono wa kiti, tik, tik, kama afanyavyo mama yeyote mwenye wasiwasi. Alama nyekundu ya taa aliyofungwa mumewe kichwani ikiingia katikati ya karatasi ukutani, angeacha kugonga. Mumewe, macho yamefungwa, angesikia ule ukimya, na papo hapo angesema, "Hapa."

"Hakuna muntu anaweza kukataza mama kusali," Elisée alikuwa amemwambia, akicheka. Mpango ulikuwa wake, na aliupenda sana.

Elisée alikuwa dereva wa grue, ile mashine ndefu ya kunyanyulia mizigo, kwenye karakana moja ya shaba nje ya mji. Baba yake alikuwa mtu wa kazi hiyo hiyo. Kabla ya mvua kuanza, gari la kazini lililombeba liligongwa kwa nyuma. Kichwa chake kikarushwa mbele na kurudi. Maumivu yalikwisha. Sasa alikula vizuri, alicheka, alimbeba binti yao Keren mabegani. Kilichobaki ni huyu kine, Madame Christiane, na kipimo chake cha ajabu: unafungwa macho, unageuza kichwa, kisha unakirudisha pale pale ulipokitoa. Basi. Hata Keren angeweza.

Lakini mara ya kwanza Christiane alisema bado, shingo hairudi mahali pake. Agnès hakuwapo siku hiyo. Elisée alirudi nyumbani akifoka: taa walimfunga vibaya kichwani, karatasi waliibandika upande, kine mwenyewe mtoto wa juzi. Elisée ni mtu wa kubishana hata na kivuli chake, ila safari hii mkewe alimwamini. Kila siku si alimwona amesimama wima kama nguzo ya umeme?

Na kine asipoandika ndiyo leo, Jumatatu, lundi kama wasemavyo kazini, kiti cha grue kingepewa mwingine kabisa. Bosi alilisema hilo bila kumung'unya maneno. Unga ungemwagika, na Elisée bila grue ni mtu ambaye Agnès hakutaka hata kumfikiria.

Tena kulikuwa na Mwenya, mdogo wake Agnès. Mwenya ndiye aliyesimama chini ya ndoano, akifunga minyororo kwenye mizigo, akiinua mkono ili shemeji yake kule juu anyanyue. Tangu ajali, alikuwa akimlalamikia dada yake juu ya dereva wa muda kila Jumapili. "Yaya, ambia shemeji arudi," alisema. "Ule mwingine anashusha muzigo kama vile anatupa takataka. Mi nitatumika chini ya shemeji tu."

Sasa Christiane alikuwa anamfunga Elisée mkanda kichwani, wenye taa ndogo iliyotupa alama nyekundu ukutani. Aliukaza. Elisée akauvuta mwenyewe, akaukaza zaidi, asije mtu akasema umelegea. Alama ikatua katikati kabisa ya miduara iliyochorwa kwenye karatasi.

"Sikia muzuri hii nafasi, Papa Elisée," alisema Christiane. "Hapa njo katikati. Sasa tunafunga macho. Geuza kichwa kuume, kisha urudi hapa."

Agnès alikuwa bado anahangaika na mkoba wake. Rozari ilikuwa imejifunga kwenye kitambaa cha kichwa cha akiba. Elisée, kitambaa kimeshafungwa machoni, hakumngoja. Aligeuza kichwa kulia, akaanza kukirudisha. Alama nyekundu ilitembea ukutani, ikaingia kwenye karatasi, ikapita katikati, ikatoka upande wa pili, ikaendelea tu, mpaka karibu na swichi ya taa. Hapo ikasimama.

"Hapa," alisema Elisée.

Alilisema kwa ile sauti yake ya mtu mwenye hakika. Agnès alitazama karatasi: imenyooka. Akatazama mkanda: haujasogea, mwenyewe kaukaza. Ilikuwa shingo yenyewe. Christiane alisogea karibu na swichi. Alitia alama ndogo ya penseli ukutani, akakirudisha kichwa cha Elisée katikati kwa mikono yake.

"Sasa kushoto."

Agnès alikuwa na ahadi, na rozari ilikuwa imeshatoka. Tik, tik, tik. Alama ikarudi polepole, ikaingia kwenye karatasi, ikafika katikati. Akaacha.

"Hapa!"

"Eh, Papa Elisée! Muzuri sana," alisema Christiane, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli. Elisée akatabasamu chini ya kitambaa. Agnès hakuweza kutabasamu. Kile kichwa alikuwa amekiendesha yeye, kwa kidole gumba chake.

"Sasa juu," Christiane aliendelea. "Angalia juu kabisa, kama vile uko mu grue unaangalia kamba, kisha urudi."

Elisée akainua uso. Na kule juu, Agnès alijiuliza, nani angemgongea punje? Alimwona Mwenya amesimama chini ya mzigo, mkono hewani, hata hatazami juu kwa sababu anajua ni nani yuko juu. Aliikunja rozari ndani ya kiganja, akaibana.

Elisée alibaki ameuelekeza uso darini. Alikuwa anangoja.

"Mama Keren," alisema, "unasali?"

"Tusiongee, papa," alisema Christiane.

"Aendelee tu kusali. Inanitulizaka."

"Nimemaliza kusali," alisema Agnès.

Mishipa ya shingo ya mumewe ilisimama. Akakishusha kichwa kwa hasira. "Hapa," akasema. "Niko sawa kabisa."

Christiane alimfungua kitambaa. "Usitikisike. Angalia."

Alama nyekundu ilikuwa chini ya karatasi, mbali, karibu na mguu wa meza.

"Mumesogeza karatasi!" Elisée alifoka. Kisha akamgeukia mkewe, na Agnès hakuwahi kutazamwa hivyo tangu aolewe. "Juu ya nini unanifanyia hivi?"

Aibu na machozi vilimjia pamoja. "Docteur," alimwambia Christiane, "ile ya kushoto haikukuwa yeye. Ni mimi. Nilikuwa namuonyesha na rozari."

Christiane aliweka penseli mezani. Hakumgombeza mtu. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Tena," alisema Elisée. "Mara hii bila rozari, bila nini. Nitabaonyesha."

Alijifunga kitambaa mwenyewe. Agnès aliikalia mikono yake. Elisée aligeuza kichwa kulia, akakirudisha taratibu mno, jasho likimtoka kwenye paji, akijaribu, akisogeza kidogo, akirudi kidogo, kama mtu anayeweka yai juu ya meza. Agnès alijikuta anaiomba ile alama isimame pale katikati. Hata sasa alikuwa radhi apite. Haikusimama.

"Hapa. Ni hapa. Naapa ku mwili wa baba."

Alivua kitambaa. Alama ilikuwa kwenye swichi ya taa. Aliitazama sana, bila kubisha.

"Mi nasikia niko katikati," alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Hata sasa, mama, naiona kule, na bado nasikia niko katikati."

"Najua," alisema Christiane. "Njo maana siwezi kuandika ndiyo. Shingo inafundishwa upya, papa. Bantu wengi banarudi. Lakini haitakuwa lundi."

Simu ya Agnès ikaita. Alikuwa Mwenya, yuko kwenye mapumziko ya kazini, mitambo ikinguruma nyuma yake, na sauti yake ilijaa chumba kizima. "Yaya! Bamemupitisha?"

Agnès alimtazama mumewe. Elisée akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Mwenya. Lundi sitakuya." Akasikiliza. "Hapana, si mambo ya docteur. Sikia mi nakwambia. Ule muntu iko mu grue sasa, tumika naye. Na siku ukiniona napanda kule juu na huyu mama hajasema ndiyo, wewe usisimame chini yangu. Acha minyororo, kimbia."

Upande wa pili Mwenya alicheka, akidhani shemeji yake anatania kama kawaida. Elisée alimngoja amalize kucheka, kisha akamwambia tena.