Jeneza la Ces

Klabuni kwetu hapa mjini Temuka, ambako wazee tunajiundia majeneza, jeneza halipakwi vanishi mpaka mwenyewe alale ndani, wenzake wamkague. La mwenzetu Maureen lilimbana makalio. Tulicheka hadi chai ikatupalia, kisha tukalipanua.

La mume wangu Ces nililiunda mwenyewe, Jumatano kumi na sita, nikamchorea na kondoo ubavuni. Langu lilikuwa tayari. Kaburi tulishachagua kilimani, la wawili.

Siku ya kulipima, Ces akala skonzi tatu, akabaki kitini.

"Panda, mzee. Skonzi zimekwisha."

"Sitalihitaji, bibie."

"Umeghairi kufa?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye akatoa karatasi mfukoni. Mwili wake alishauandikisha kwa chuo cha madaktari, wausomee akifa, miaka mitatu iliyopita.

Miaka mitatu! Na akanitazama tu nikihangaika na kondoo! Brashi ya Maureen ikamdondoshea rangi kiatuni, wala hakujua.

"Yaani mimi nilale kilimani peke yangu, wewe ukapasuliwe na vitoto vya juzi?"

"Ukikataa wewe, hawanichukui. Imeandikwa hapo."

Kumbe rungu ninalo mimi.

"Basi nimekataa! Haya, ingia."

Akaingia, akalala. Lilimkaa kama ganda na njugu yake. Nikafungua kinywa nijisifu, ndipo tukasikia: ko-ko-ko-ko. Mkono wake wa kulia, ule unaotetemeka mwaka wa saba huu, ule uliowashinda madaktari, ulikuwa unagonga ubao kwa ndani. Mtu yumo jenezani anapiga hodi, na aliyeshika kifuniko ni mimi.

"Hebu uzuie huo mkono!"

"Ningeweza si ningeuzuia, Noeline? Baba naye alikuwa hivihivi." Akatazama dari. "Na Lyall ameanza."

Lyall ni mwanetu. Ana miaka arobaini na mmoja, na mtoto wa kunyonya.

"Ameanza nini?"

"Tangu Pasaka. Kijiko hakitulii mkononi. Aliniomba nisikwambie."

Nikakaa juu ya debe la rangi. Maureen akaniletea chai, sikuigusa.

Nikasimama, nikaichukua ile karatasi, nikaitandaza juu ya kifuniko, nikatia sahihi ya kukubali. Kalamu ilitoboa mara mbili.

"Waambie waanze na huo mkono," nikamwambia, yeye bado kalala mle ndani. "Na waharakishe."