Nywele Urefu wa Njiti ya Kiberiti

Mbuke aliposhuka kwenye basi akitoka msibani Samuye, mtu wa kwanza kumjia akilini hakuwa marehemu. Mungu amsamehe. Marehemu alikuwa Ng'washi, mdogo wake wa tumbo moja, na alikuwa amemlilia siku nne mpaka sauti ikakauka kama mto wa Septemba. Lakini alipopenyeza kidole chini ya kitambaa cha kichwa akakuta upara unateleza kama kibuyu kipya, aliyemkumbuka ni Zuhra.

Zuhra alikuwa binti wa chuo kikuu, mzaliwa wa Shinyanga mjini, mwembamba, na ushungi wake haukuwahi kukaa sawa kwa upepo wa huku Geita. Alifika kitongojini miezi sita nyuma, kishikwambi mkononi. Chuo chao kilikuwa kinachunguza zebaki, yale maji ya fedha ambayo wachimbaji wadogo huyachanganya na mchanga ili yakamate dhahabu, kisha huyachoma moto yakapaa. Wasomi walitaka kujua ikishapaa inakwenda wapi. Mbuke angeweza kuwaambia bila kupoteza mafuta ya gari kwamba inakwenda puani mwa jirani, ila msomi haamini moshi mpaka aupime.

Maswali yalikuwa themanini na manne. Nyumba nyingine zilimaliza kwa nusu saa na kulalamika. Kwa Mbuke yalianza saa tatu asubuhi, na saa saba mchana walikuwa bado kwenye swali la ishirini, maana alipoulizwa amezaa watoto wangapi hakutaja idadi, alieleza kila mmoja alitokaje. Wapo wawili, walio hai. Masalu anavua Nkome, Asteria ana duka Tinde. Wote wazima, wote wana simu, na wote mtandao huwasumbua sana inapofika zamu ya mama yao.

Ndipo likaja swali la sitini na kitu.

"Bibi, katika siku saba zilizopita, ni mara ngapi umekula chakula pamoja na mtu mwingine?"

Mbuke alilitazama sufuria lake la mtu mmoja. "Wewe leo unakula?"

"Haturuhusiwi, bibi."

"Basi andika sifuri."

Zuhra alikitazama kishikwambi, akakizima, akaomba maji ya kunawa. Wakala matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, chai ya rangi juu yake, na binti akasema kwao mjini matobolwa hununuliwa kwenye mafungu kama dawa. Alipowasha kishikwambi tena aliandika moja. Mbuke aliiona ile moja ikikaa pale kwenye kioo, imesimama wima, akajisikia kama aliyeandikishwa upya duniani.

Wakati wa kuaga Zuhra alimweleza kilichobaki. Angerudi masika kuchukua nywele. Zebaki ikiingia mwilini hujificha kwenye nywele, na maabara inahitaji kishungi cha kisogoni, urefu wa njiti ya kiberiti hivi.

"Na asiye na nywele?"

"Huyo anatoka kwenye orodha, bibi. Kwa hiyo usizikate."

Mbuke hakuzikata. Tangu siku ile aliacha kunyoa, yeye ambaye miaka yote kichwa chake kilikuwa kama cha mwanafunzi wa darasa la nne. Kila Jumapili alichomoa njiti, akaisimamisha kisogoni na kupima kwa kidole. Robo. Nusu. Karibu nzima. Ndipo Ng'washi akafa.

Siku ya kunyolewa ndugu, kule Samuye, Mbuke alikaa kwenye mkeka na wanawake wengine akisubiri wembe. Alifikiri kusema ana vidonda kichwani. Alifikiri kusema daktari kamkataza. Lakini kukataa kunyolewa kwa ajili ya mdogo wako ni kuwatangazia watu kwamba hakuwa mdogo wako. Akainamisha kichwa. Zilipoanguka aliuliza, taratibu, kama angeweza kuzichukua kidogo. Mnyoaji akasimamisha wembe. Nywele za msiba haziondoki na mtu, kila mtoto analijua hilo, na mzee anayeziomba anataka nini nazo? Zikazikwa nyuma ya zizi pamoja na za wengine.

Sasa Zuhra anakuja Alhamisi, na kichwa ni kibuyu.

Mbuke alikuwa na beberu mmoja mweusi, jina lake Diwani. Alimwita hivyo kwa sababu alikula vya watu wote na akiitwa hakuitika. Diwani alikuwa na ndevu ndefu, nyeusi, zenye mvi mbili tatu za heshima. Jumatano asubuhi Mbuke alikaa kizingitini akazitazama muda mrefu zikichezacheza akitafuna majani. Halafu akaingia ndani kutafuta mkasi.

Alizifua kwa sabuni ya unga mara tatu. Akazianika, akazipaka mafuta ya nazi, akazifunga uzi ziwe kishungi, akazikunja kwenye karatasi ya daftari. Akanusa. Akazifua tena.

Jioni alipita Selestine, jirani mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe inayonguruma bondeni kuanzia alfajiri. Alisimama kwenye uchochoro akamtazama beberu.

"Mayu, mama yangu, huyu Diwani ndevu zimekwenda wapi?"

"Amefiwa."

"Na nani?"

"Na shangazi yake. Amenyolewa pamoja na mimi."

Selestine alicheka mpaka akashika mti wa uzio. "Basi mpe pole. Na umwambie akakae matanga mbali na dimbwi langu la kuoshea mchanga wa dhahabu, kila siku yuko pale anakunywa na wake zake wa kwa majirani."

Alhamisi Zuhra alipofika na kuona kitambaa kimekaa chini sana, alielewa kabla ya kuambiwa. Mikono ikamwanguka. "Pole bibi. Nani?"

"Mdogo wangu. Lakini wewe usihuzunike, nilikuwekea." Mbuke akaitoa karatasi kifuani. Alisema uongo huo akiwa amemwangalia moja kwa moja machoni, kama unavyotakiwa kusemwa.

Binti aliigeuza ile karatasi. Utaratibu ulitaka azikate mwenyewe, kwa mkasi wake. Akatazama nje kwenye gari walikomsubiri wenzake, akamtazama mzee, akakumbuka safari yote ya kufika pale. Akazitia kwenye bahasha na kuandika namba ya Mbuke: 47.

"Nywele zako ngumu, bibi."

"Maisha yenyewe, mjukuu wangu. Kaa, chai imeiva."

Ikapita miezi minne. Mvua zikaisha. Mbuke, asiye na cha kupima tena, akarudi kunyoa kama zamani. Karasha ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma. Masalu akapiga simu mara moja kuuliza kama dagaa aliotuma walifika. Hawakufika, lakini Mbuke alisema walifika na walikuwa watamu, ili asikate simu upesi kwa aibu. Alijibu hata maswali ambayo hakuulizwa. Usiombe kuwa na maneno mengi na mbuzi mmoja.

Zuhra alirudi siku ya kutoa matokeo. Wengine waliitwa mkutanoni shuleni, ila yeye alikwenda kwanza kwa Mbuke, peke yake, bila kishikwambi. Hakuamkia hata. Alikaa kwenye kigoda akauchukua mkono wa mzee akauweka kwenye magoti yake.

"Bibi, unatetemeka mikono?"

"Nikiona wageni tu."

"Sikutanii. Tumepima watu mia moja na kumi na wawili. Kipimo cha juu kabisa ni chako. Kimezidi cha wachomaji wenyewe mara tatu. Mwalimu wangu aliomba kipimwe tena, kikatoka vilevile." Akatoa barua kwenye mkoba. "Hii ni ya hospitali. Nimeshaongea nao, wiki ijayo nakuja na gari, nakupeleka mwenyewe, nakaa na wewe mpaka wamalize."

Mbuke alihesabu kimyakimya: gari, kwenda, kukaa, kurudi. Siku nzima. Pengine siku mbili. Moyo wake ukaruka kama wa msichana aliyechumbiwa.

"Na ukilazwa nitakuletea chakula," Zuhra akasema, na sauti ikampotea. Alijifuta kwa ncha ya ushungi. "Bibi yangu mzaa mama alifariki nikiwa kwenye mitihani. Hawakuniambia mpaka nilipomaliza. Nilipoiona ile namba arobaini na saba nikatoka nje ya maabara, nikakaa kwenye ngazi."

  Mbuke aliyatazama yale machozi yakidondoka juu ya mkono wake. Ni muda gani hakuna mtu aliyemlilia, na sasa analiliwa, na machozi yenyewe si yake, ameyaiba kwa ndevu za mbuzi. Angeweza kunyamaza tu. Angepanda gari. Daktari angempima akamkuta mzima kama jiwe la kusagia, wakashangaa, wakarudia, na yote hayo ni safari.

Lakini mtoto huyu alikuwa amekaa kwenye ngazi.

"Zuhra. Nyamaza kwanza. Mgonjwa wako si mimi."

"Bibi?"

"Mgonjwa wako yule pale." Akaonyesha kwa kidevu.

Diwani alikuwa amesimama mlangoni akitafuna kipande cha gunia, ndevu zake zimechipua kidogo, fupi, kama za kijana anayetaka kuoa. Zuhra alimtazama. Akamtazama Mbuke. Akamtazama tena Diwani, na uso wake ukabadilika polepole.

Hakucheka. Mbuke alikuwa ametega sikio kusubiri kicheko, hakikuja.

"Kwa nini, bibi?"

"Ulisema asiye na nywele anatoka kwenye orodha."

 Bondeni karasha ilikuwa imezimwa kwa ajili ya mkutano. Zuhra akaurudisha mkono wa mzee mahali alipoutoa, hakuutupa, aliurudisha.

"Nilivunja utaratibu kwa ajili yako. Nitamwambia mwalimu leo. Sijui atanifanyaje."

"Mwambie ni mimi."

"Nitamwambia ni sisi." Alisimama akakung'uta sketi. Akafika mlangoni, akasimama, uanachuo ukamzidi hasira. "Huyu anakunywa maji wapi?"

"Dimbwi la Selestine. Wote wanakunywa pale, kiangazi hiki."

"Wote nani?"

"Mbuzi. Ng'ombe wa kina Eliya, wale wanaokamuliwa maziwa ya watoto. Na bustani za mchicha zinamwagiliwa palepale."

Zuhra alitoa simu akaandika, haraka, akiwa amesimama. Kisha akaenda shuleni.

Mbuke naye alikwenda mkutanoni, akakaa nyuma. Ukutani walionyesha picha yenye vidoti, kila mtu kidoti kimoja. Mwalimu wa chuo, mzee mwenye kikohozi, akasema washiriki ni mia moja na kumi na mmoja. Mbuke alitafuta pale juu ambapo kidoti chake kingekuwa. Palikuwa peupe. Alipatazama mpaka watu walipoanza kubeba viti.

Zuhra alimkuta akitoka. Ushungi ulikuwa umeteleza.

"Mwalimu amekufukuza?"

"Amenikaripia mbele ya wenzangu. Halafu akaniuliza lile dimbwi liko wapi." Alisita. "Bibi, nywele zikiota, nitaziomba upya. Nitazikata mwenyewe. Zikifika njiti ya kiberiti, unipigie."

Hakusema atakuja lini vinginevyo, na Mbuke hakumuuliza. Barua ya hospitali aliondoka nayo.

Wiki mbili baadaye walifika vijana wawili wa chuo, wenye buti na chupa za maji. Shikamoo, marahaba, halafu wakauliza mbuzi yuko wapi. Walimpima Diwani, wakamkata manyoya ya mgongo, wakajaza fomu. Kigoda walipewa, chai walipewa, hawakuvigusa. Mgonjwa wao alikuwa na shughuli zake na walimfuata.

"Umri wake?" mmoja akauliza bila kuinua macho.

"Miaka minne."

"Anakula peke yake au pamoja na wengine?"

Mbuke alifikiri. "Anakula na mimi. Andika kila siku."

Kijana akaandika.

Selestine aliambiwa ajengee dimbwi ukuta, akaweka uzio wa miiba kwanza, na kina Eliya wakaanza kupeleka ng'ombe mtoni. Watu wakasema chuo kimefanya kazi nzuri. Mbuke hakusema lolote, jambo lililowashangaza wengi.

Kila Jumapili huchomoa njiti na kuisimamisha kisogoni. Robo imeshapita. Safari hii hana wasiwasi wa wembe. Jumapili iliyopita, akiwa ameshika njiti, alijaribu kuwahesabu kwa vidole vya mkono wa pili, kule Samuye, wale ambao angelazimika kunyolewa kwa ajili yao. Alianza na Ng'washi, akakumbuka, akakirudisha kidole. Hakuna kidole kingine kilichoinuka.

Basi nywele zitaota tu. Aliwasha moto kwa njiti ileile, akaweka maji ya chai ya vikombe viwili kwa mazoea mapya, akamwita Diwani, ambaye hakuitika.