Kuku Aliyetimiza Masharti

Usiku wa jana niliota nimeitwa kwa Haji Shekue kuchinja kuku wa kisomo cha hitma. Hapo hakuna la ajabu. Mtaani kwetu mimi ndiye mchinjaji. Hata Wakristo hunigongea mlango wakiwa na shughuli, ili majirani wote wale bila wasiwasi. La ajabu ni kwamba aliyenifungulia mlango wa Haji alikuwa kuku mwenyewe.

"Karibu, Baba Rehema," akasema. "Viatu acha hapo."

Nikavua. Alikuwa tetea mwekundu, mnene, kafungwa mguuni kitambaa cha kanga ya kijani. Nikamjua palepale. Ni kuku wa Bi Tunu, mjane wa nyumba ya pili. Yule bibi hana shamba wala mbuzi. Mayai ya kuku huyo ndiyo yanayomnunulia unga.

"Wewe si wa Bi Tunu?" nikamnong'oneza.

"Kasemee ndani, mbele ya watu," akajibu. "Mimi kuku, ushahidi wangu haupokelewi."

Niliingia sebuleni, nikatokea kwenye uwanja wa mpira. Katikati, juu ya mkeka, alikaa Haji Shekue na jirani yake Mwinjilisti Elieza, aliyealikwa kula. Nikauliza kuku kapatikana vipi.

"Riziki, ndugu yangu," Haji akasema. "Nimefungua mlango wa ua asubuhi, huyo hapo. Mja hakatai riziki."

Nikafungua mdomo nimtaje Bi Tunu. Haji akaniwahi.

"Kisu kikali?"

"Kikali sana," kisu kikajibu chenyewe. "Lakini nikipitishwa tena kwenye jiwe sitakataa."

"Si mbele yake!" Haji akashtuka. "Kuku asione kisu kikinolewa. Huo ni ukatili." Akavua kofia yake, akamfunika kuku macho. Machozi yalimlengalenga. Haji ana moyo laini, asikudanganye mtu.

Mwinjilisti Elieza akaomba tusali kwanza. Akaombea mchele, akaombea vitunguu, akawaombea walio safarini, kisha akawaombea wajane wote wa dunia kwa sauti iliyopasuka. Nilipofumbua macho tulikuwa jikoni, na wali umeungua.

"Wajane!" nikasema. "Hapohapo, Mwinjilisti. Kuku huyu..."

"Kibla ni upande gani?" Haji akauliza.

Na hapo ndipo mambo yanaharibika. Haji anaonyesha chooni. Mwinjilisti, ambaye hakuulizwa, anaonyesha kanisani kwake. Nyumba inashindwa kuamua, inaanza kuzunguka taratibu, na sisi tunazunguka nayo, na masufuria, na paka wa Haji ambaye haonekani kujali. Inaposimama, kuku amekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, kofia kichwani. Aliyelazwa sakafuni ni mimi.

"Kanyweshwa maji?" kuku anauliza.

Haji ananiinua kichwa, ananinywesha kwa kata. Maji ni ya mtungini, baridi, mengine yananimwagikia kidevuni.

"Kaelekea kibla?"

"Sawasawa," anasema Haji.

"Mchinjaji ni mtu wa swala?"

"Haijanipita hata moja," anasema Haji, huku akikunja mikono ya kanzu.

"Basi masharti yametimia."

"Amina," anasema Mwinjilisti.

Naogopa. Sijapata kuogopa namna ile. Kisu changu mwenyewe, nilichokinunua kwa hiari yangu, kinanitazama kama hatujuani.

"Jamani!" napiga kelele. "Mbona hakuna anayeuliza mimi ni wa nani? Nina mke! Nina binti! Mimi mtu wa watu!"

Wanatazamana. Haji anafikiri kwa dhati kabisa. Namwona akiyapitia masharti kwa vidole, moja moja, tangu kisu mpaka maji. Anarudia tena.

"Hilo," anasema kwa masikitiko, "halijawahi kutujia."

"Lilimjia yeye," kuku anasema. "Alinijua tangu mlangoni. Akalimeza, akangoja mpaka shingo iwe yake."

Nataka kumwambia nilikatizwa. Ni kweli nilikatizwa, mara mbili. Lakini mtu akilazwa chini maneno kama hayo hayana uzito.

"Bismillahi," anaanza Haji.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Kidevu changu kilikuwa kimelowa mpaka shingoni.

"Udenda huo," mke wangu akasema. "Umekoroma usiku kucha."

Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa maji, baridi, yenye ladha ya udongo. Sisi nyumbani hatuna mtungi.

Hodi ikapigwa. Nikatoka na kikoi changu. Alikuwa Haji Shekue, amevaa kanzu safi, uso umejaa nuru ya mtu aliyetoka msikitini, na kwapani amebana kuku mwekundu.

"Baba Rehema, chukua kisu," akasema. "Riziki imeingia uani kwangu, na leo nina hitma. Nimeshamnywesha na maji."

Nyumba ya pili, mlango wa Bi Tunu ulikuwa wazi, na sauti yake ilisikika ikiita kuku.

"Wa nani?" nikauliza.

Haji akamtazama kuku. Kuku naye akamtazama Haji, akasubiri jibu.